Mtani Huja Msibani

Kila wanapokutana watu waliosoma chuo kimoja, mazungumzo hayakawii kufika kwenye vituko. Masomo yamekwisha kusahauliwa, na majina ya wahadhiri nayo yamepotea, lakini nani alimfungia nani mlango kwa nje, nani alimwagia nani maji kitandani, na nani aliandika nini ubaoni kabla mwalimu hajaingia, hayo hayasahauliki. Wasimulizi hucheka mpaka wakajifuta machozi. Nami nimecheka nao mara nyingi. Lakini nimeona jambo moja, na pengine wewe msomaji umeliona pia: katika vikao vya namna hiyo, yule aliyefanyiwa mzaha mara nyingi hayupo. Hakualikwa, au alialikwa akasema ana udhuru.

Katika insha hii nataka kuihakiki mizaha ya vyuoni kama tunavyohakiki tamthilia au mashairi. Sina nia ya kuhubiri kwamba vijana wasicheke. Chuo ambacho wanafunzi wake hawana mzaha ni chuo cha kuogopwa. Mzaha mzuri ni kazi ya sanaa: una mtunzi, una jukwaa, una hadhira, nao hudai maandalizi ambayo watunzi wengi wa tamthilia wangeyaonea wivu. Na kama ilivyo katika sanaa nyingine, ipo kazi nzuri, ipo kazi mbovu, na ipo kazi iliyotungwa kwa ufundi ili kutenda uovu. Hiyo ya tatu ndiyo inayonisumbua, kwa sababu niliwahi kuitunga moja.

Mhakiki hana budi kuwa na kipimo. Cha kwangu sikukitafuta mbali. Kiswahili kina mzaha, masihara, dhihaka, kejeli na stihizai, lakini kina pia utani, na utani ni jambo jingine kabisa. Utani ni mkataba. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wachaga na Wapare ni watani. Mjukuu na babu yake ni watani. Hata Simba na Yanga tumezoea kuwaita watani wa jadi. Mtani wako anaweza kukutukana hadharani, akakuvua kofia, akadai kwamba ukoo wenu wote ni watumwa wake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, ni wewe uliyevunja mila, si yeye.

Wengi huishia hapo wanapousifu utani, wakasahau kwamba uhuru huo una masharti. Sharti la kwanza ni uso. Mtani anajulikana, anakuja mchana, na jina lake na la kabila lake unalijua. Sharti la pili ni zamu. Leo amenena yeye, kesho utanena wewe, na hawezi kukuziba mdomo. Sharti la tatu naliita jembe. Mtani huja msibani. Hufika kwenye matanga akaigiza namna marehemu alivyokuwa akitembea, akazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote, na waliofiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio. Kisha mtu huyo huyo hushika jembe akaenda kuchimba kaburi. Mdomo wake umeruhusiwa kusema mengi kwa sababu mikono yake imejifunga kufanya kazi. Uso, zamu na jembe: kwa mizani hiyo ndipo nitakapoweka kazi chache za wanafunzi, za mbali na za hapa kwetu.

Kazi ya kwanza niliiona kwa macho yangu mwaka 1999, nilipopelekwa Boston, Marekani, kwa mafunzo ya wiki sita. Siku moja mwenyeji wangu alinitembeza kwa miguu juu ya daraja liitwalo Harvard Bridge, linalovuka mto Charles kutoka Boston kwenda upande wa Cambridge, penye chuo kikuu mashuhuri cha teknolojia kiitwacho MIT. Njiani nikaona alama za rangi sakafuni, zenye namba, zikiendelea mpaka ng'ambo. Nikauliza kama ni alama za mafundi wa barabara. Akacheka, akaniambia kwamba hayo ni mapimo ya mtu.

Kisa chenyewe ni cha Oktoba 1958. Chama kimoja cha wanafunzi wa MIT kiliwaamuru wanachama wake wapya walipime daraja hilo kwa kutumia mwili wa mwenzao. Aliyechaguliwa ni Oliver Smoot, kijana mfupi kuliko wenzake, mwenye urefu wa kiasi cha meta 1.70. Alilala chini, wakatia alama kichwani pake, akainuka, akalala tena mbele, hivyo hivyo mpaka akachoka kuinuka, na tangu hapo wenzake wakawa wanambeba. Hesabu ilipofungwa, daraja lilikuwa na urefu wa Smoot 364.4 na sikio moja. Alama hizo hazikufutwa. Wanachama waliofuata waliendelea kuzipaka rangi upya, na daraja lilipokarabatiwa katika miaka ya 1980, sakafu ya njia ya miguu ilikatwa kwa vipande vyenye urefu wa Smoot mmoja. Mwenyewe Smoot alikuja kuwa mwenyekiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, kisha rais wa shirika la viwango la kimataifa, ISO. Mwaka 2008, miaka 50 ilipotimia, alirudi akasherehekewa.

Msomaji mwangalifu atasema kwamba hapa alionewa mgeni, na ni kweli. Kumtumia mfupi kama fimbo ya kupimia ni dhihaka ya maumbile. Mimi pia mzaha huu ulinitia shaka nilipousikia. Lakini hebu tuupime. Uso ulikuwapo: kila mmoja alimjua aliyetoa amri na aliyetia alama. Zamu ilikuwapo pia, kwani mgeni wa mwaka huu ni mwenyeji wa mwaka ujao, na waliokuwa wakitia alama walikuwa wageni kama yeye, wakitetemeka kwa baridi ile ile. Na jembe? Kwangu mimi jibu limo katika jambo dogo ambalo wasimulizi hulitaja kwa kupita: alipochoka walimbeba. Mzaha ambao watunzi wake humbeba waliyemlaza chini una haki ya kuitwa utani. Tena jina lililobaki darajani ni la aliyelala chini, wala si la waliomlaza.

Kazi ya pili ni ya chuo hicho hicho. Asubuhi ya tarehe 9 Mei 1994 watu wa MIT waliamka wakaona gari la polisi wa chuo limeegeshwa juu ya kuba kubwa la jengo lao. Lilikuwa ni bodi ya gari kuukuu aina ya Chevrolet iliyofungwa juu ya fremu ya mbao na kupakwa rangi za polisi. Ndani aliketi sanamu wa askari pamoja na boksi la donati. Namba ya gari ilikuwa pi, ile ya wanahisabati, na kiooni palibandikwa hati ya kosa: gari halina kibali cha kuegeshwa mahali hapa.

Hapa uso haupo, maana watunzi walikuja usiku na hawakujitangaza. Je, tuihukumu? Sidhani. Wanafunzi wa chuo kile wana miiko yao, nayo inarithishwa: usimdhuru mtu, usiharibu kitu, uache mahali kama ulivyopakuta au pazuri zaidi. Mara nyingi huacha hata karatasi ya maelekezo, ili mafundi watakaotumwa kukiondoa kitu wajue kimefungwaje. Karatasi hiyo ndiyo jembe lao. Linganisha na wenzao wa Cambridge ya Uingereza, ambao Juni 1958 walipandisha gari dogo aina ya Austin Seven juu ya paa la jengo la Senate House. Ufundi wao ulikuwa mkubwa na dunia nzima ilicheka, lakini walioitwa kulishusha walihangaika siku kadhaa na mwishowe wakalikata vipande. Sifa zikaenda kwa vijana, jasho likabaki kwa vibarua. Sisemi kwamba ni dhambi kubwa. Nasema kwamba mhakiki huuliza pia nani alisafisha.

Hata hivyo gari la 1994 nalo lina dosari yake, na ni dosari ya kazi iliyofugwa. Chuo kimelipenda, kimelihifadhi, kimeliweka ndani ya jengo lake wageni walitazame. Mzaha unaopendwa hivyo na wakubwa umeng'olewa meno. Hauwaumizi wanyonge, lakini hauwasumbui wakubwa pia. Nilipokuwa Boston nilijiuliza kama kuna mzaha wenye meno ambao bado ni utani. Jibu nilikuwa nalo tangu ujanani, ila sikutaka kulitazama, kwa sababu kulitazama kungenirudisha mahali nilipoaibika.

Mwaka 1988 nilikuwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu. Jina lake silitaji, kwa kuwa kosa lilikuwa letu, si la chuo. Sifa za Mzee Punch wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilikuwa zimetufikia. Tulisikia kwamba kule Mlimani yuko mtu asiyejulikana ambaye hubandika makaratasi ukutani usiku, na kulipokucha wasomi husimama kuyasoma na kuchekana. Hatukuwa tumeona hata karatasi moja ya huyo Mzee, lakini sifa ilitosha. Watu watatu wa bweni moja tukaamua kuwa na wetu. Tukamwita Popo, kwa kuwa alitoka usiku.

Karatasi tulizipata kwenye mitihani ya majaribio, ambayo upande wa nyuma ulikuwa mtupu. Gundi yetu ilikuwa uji wa asubuhi. Ukuta ulikuwa wa bwalo, karibu na mlango, mahali ambapo foleni ya chakula haikuweza kupita bila kusoma. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wenzangu, hivyo nikawa mkono wa Popo.

Tulianza vizuri, nasema hivyo bila aibu. Maharage yetu siku hizo yalikuwa na fukusi wengi. Karatasi ya kwanza ya Popo ilimpongeza mhasibu kwa kutuongezea nyama kwenye maharage bila kupandisha ada. Bwalo zima lilicheka, wapishi wakacheka, na tuliambiwa kwamba hata walimu walicheka ofisini. Wiki iliyofuata maharage yalichambuliwa. Nimeandika mengi tangu siku hiyo, lakini sijui kama nimeandika jambo jingine lililobadilisha chakula cha watu mia tatu kwa wiki moja. Huo ulikuwa mzaha wenye meno, na aliyeumwa alikuwa na ofisi, na ufunguo wa ghala, na uwezo wa kujibu.

Kwa nini basi hatukuendelea hivyo? Swali hili ndilo kiini cha uhakiki wangu, kwa sababu naamini halihusu chuo chetu tu. Ukuta una njaa. Ukiwazoesha watu kusoma kila Jumatatu, watakuja kila Jumatatu, na asiyekuta kitu huondoka akinung'unika. Wakubwa hawafanyi vituko vipya kila wiki, tena wana adhabu mkononi. Baada ya karatasi ya pili mkuu wa chuo alitangaza kwamba atakayekamatwa atarudishwa kwao. Sisi tulikuwa waoga kama vijana wengine. Lakini hatukutaka kuacha kuchekesha. Tukatafuta nyama laini. Wanafunzi wenzetu hawakuwa na adhabu ya kutupa, na katika wanafunzi, wasichana walikuwa laini kuliko wavulana, na katika wasichana, maskini kuliko wenye ndugu mjini. Hakuna aliyesema maneno hayo kwa sauti. Tulishuka ngazi moja moja, na kila ngazi tulicheka.

Palikuwa na dada mmoja wa mwaka wetu ambaye tuliona ana gauni moja tu la kutokea, la kijani. Usiku alilifua bombani akalianika nyuma ya bweni, na asubuhi alikuwa nalo tena. Jumatatu moja Popo aliandika sentensi moja tu katikati ya karatasi: Gauni la kijani limeomba likizo.

Nimeinakili hapa kwa sababu mhakiki lazima aonyeshe kazi anayoihakiki. Sentensi ni nzuri. Ni fupi, haina tusi, haitaji jina la mtu, na kila aliyesimama kwenye foleni alijua ni la nani. Pengine wewe nawe umetabasamu. Mimi nilitabasamu nilipokuwa nikiiandika, na nilijivuna niliposikia foleni ikiangua kicheko. Tangu siku hiyo yule dada aliitwa Likizo. Aliacha kuja bwaloni pamoja na watu. Alikuja wapishi walipokuwa wakifagia, akala amesimama. Siku ya mahafali hakuonekana.

Februari 1990 nilikuwa tayari ninafundisha. Ndipo habari ilipoenea nchi nzima kwamba mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amejiua baada ya kuandamwa na wafuasi wa Mzee Punch. Jina lake lilichapishwa sana na wengi wanalijua. Mimi sitaliandika, kwa kuwa jina lake lilikwisha kubandikwa kupita kiasi. Uongozi wa chuo ulimpiga marufuku Mzee Punch. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichokuwa na umri wa miaka michache tu, kilipaza sauti, na tangu hapo unyanyasaji wa wanawake vyuoni na makazini ukaanza kuzungumzwa hadharani kwa namna ambayo haikuwako kabla. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, na bughudha ya kingono ikawa kosa la jinai. Maneno yaliyoitwa masihara ya wasomi yalikuwa yamefika mpaka kwenye vitabu vya sheria.

Nakumbuka nilivyoisikia habari ile. Nilikuwa katika ofisi ya walimu, wenzangu wakiijadili. Mmoja akasema msichana alikuwa na moyo mwepesi. Mwingine akasema vijana wa Mlimani wamezidi. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nikilifikiria gauni.

Tumpime basi Mzee Punch kwa mizani yetu. Uso hakuwa nao, na kutokuwa na uso hakukuwa kwa kumkwepa mkubwa mwenye adhabu. Alimficha mwenye nguvu dhidi ya mnyonge. Karagosi wa MIT hakuwa na uso, lakini aliyemlenga ni kuba la jengo, na kuba halirudi chumbani kulia. Zamu haikuwapo pia. Aliyeandikwa hakuwa na ukuta wake, na hata kama angekuwa nao hangejua amjibu nani. Kila mwanamume aliyepishana naye njiani angeweza kuwa ndiye. Na jembe? Mtani huja msibani. Mwaka 1990 msiba ulipatikana, na Mzee Punch hakutokea kusema: ni mimi, nipeni jembe. Hakuwa mtani. Alikuwa amevaa kofia ya mtani.

Utetezi wa mizaha ya aina hii naujua vizuri, kwa maana niliutumia mwenyewe. Huwa ni wa namna mbili. Wa kwanza husema kwamba mwandishi wa ukutani anakosoa tabia mbaya, kwamba anayeandikwa amejitakia. Nami nauliza: gauni lilikuwa na tabia gani mbaya? Anayetaka kumrekebisha mwenziwe humwita pembeni. Ukutani hapakosolewi mtu. Hapo watu huonywa wasije wakawa yeye. Utetezi wa pili ni kwamba huo ni uhuru wa kusema, na kwamba ukiuzima ukuta unawasaidia wakubwa. Huu una uzito zaidi, kwa sababu maharage yale yalichambuliwa kweli. Lakini uhuru huo ulikuwa wa nani? Watu watatu wenye gundi ya uji walikuwa wakisema, na mtu mmoja alikuwa amenyamazishwa. Nasi tulipoacha kumwandika mhasibu, tulikuwa tumekwisha kuwasaidia wakubwa: tuliwafundisha wanafunzi kuchekana wao kwa wao wakasahau ghala.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi nilikuja kuufahamu msemo huo mwaka 2011.

Mwaka huo nilimsindikiza binti yangu kujiandikisha chuo kikuu. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na fomu nyingi. Nilikuwa nimeegemea ukuta nikimjazia fomu moja, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu na kijana wake alikuwa akitazama mkono wangu ukiandika. Nikadhani anataka kuazima kalamu. Nikamwuliza, "Dada, unahitaji kalamu?"

Akasema, "Hapana, kaka. Naiangalia hiyo g yako. Bado ina mkia."

Nikamtazama usoni. Sikumtambua mpaka alipotaja mwaka na chuo. Nadhani mikono yangu ilitetemeka, kwa sababu binti yangu aliipokea ile fomu. Nikamwuliza alijua lini. Akasema alijua asubuhi ile ile, mbele ya bwalo, kwa kuwa tulikuwa tumekaa dawati moja kipindi cha saikolojia na aliwahi kunakili madaftari yangu. Nikamwuliza kwa nini hakunishtaki, au hata kunitukana.

"Ningesema nini?" akajibu. "Ningesema si kweli? Gauni lilikuwa moja. Kila neno ambalo ningejibu lingekuwa la kukiri."

Nikamwomba radhi, mbele ya watoto wetu, nikiwa na mvi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ilichekesha, kaka. Kama lingekuwa gauni la mwingine, hata mimi ningecheka." Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Akaniambia foleni inasogea.

Nimeyafikiria maneno yake kwa miaka mingi, na naona ni uhakiki bora kuliko huu wangu. Tumezoea kusema kwamba mzaha mbaya ni ule wa uongo. Wake ulikuwa wa kweli, na ndiyo maana haukuwa na jibu. Anayesingiziwa anaweza kukana, na mkubwa aliyefichuliwa anaweza kuchambua maharage. Lakini maskini anayechekwa kwa umaskini wake hana la kukana wala la kurekebisha. Zamu yake imeuawa kabla haijafika. Tena sisi tulijidanganya kwamba hatuna uso. Kumbe uso ulikuwapo muda wote, katika mkia wa herufi moja, na aliyeuona alikuwa mtu mmoja tu, yule tuliyemlenga. Alikaa nami darasani mwaka mzima akijua. Mimi ndiye niliyekuwa gizani.

Kuta za bwalo siku hizi zimepumzika. Ukuta wa leo uko mfukoni mwa kila mwanafunzi, katika simu. Hauhitaji uji, haumngojei Jumatatu, na mvua haiwezi kuubandua. Sioni kwamba mizani imebadilika kwa sababu hiyo, ila njaa ya ukuta imekuwa ya kila saa. Binti yangu amekwisha kumaliza masomo na sasa ni mwalimu kama mimi. Nilipomweleza ninaandika insha hii, aliniuliza kama nitawashauri vijana waache mzaha. Nilimjibu hapana. Mwandikeni mhasibu. Pandisheni gari juu ya paa, mkumbuke kuacha maelekezo ya kulishusha. Mkimlaza mwenzenu darajani, mmbebe akichoka. Lakini kabla ya kubandika karatasi yoyote, mtunzi ajiulize kama yuko tayari kukutwa pale asubuhi akiwa na kalamu mkononi, na kama huyo aliyemwandika akipata msiba, atathubutu kwenda.

Mimi sikuthubutu. Siku ile kwenye foleni aliniambia kwa kupita kwamba mama yake alifariki muhula ule ule wa likizo ya gauni, na kwamba chuo kilitoa lori la kwenda mazikoni. Nalikumbuka lori hilo. Wanafunzi zaidi ya ishirini walipanda. Mimi nilibaki bwenini, nikasema ninaumwa.